Wasichana Wawili, Faili Moja

Kompyuta zile nne nilizinunua mimi kwa niaba ya shule, na mpaka leo nasema nilinunua vizuri. Muuzaji alikuwa karani wa ofisi moja ya kununua madini hapa Kolwezi. Ofisi ilikuwa inafunga milango kwa haraka kwa sababu bei ya shaba ilikuwa imeanguka na wenye ofisi walikuwa wamekwisha kupanda ndege. Karani alitaja bei, nikacheka. Akashusha, nikanyamaza. Akashusha tena, nikashika kitasa cha mlango kama mtu anayekwenda zake. Mwishowe akasema, "Sawa tata, chukua, uniache." Nikazihesabu mara mbili, nne na nne, nikazipakia kwenye mkokoteni. Ni shuleni ndipo tulipozifungua tukakuta hazina diski ndani. Nilikuwa nimehesabu masanduku, sikuhesabu matumbo.

Mkuu wa shule alikuwa mtawa, na sisi sote tulimwita maseur. Aliinama, akachungulia matumbo yale matupu, akasema, "Tata, umepunguza bei mpaka umepunguza na kompyuta."

Aliyetuokoa alikuwa fundi mmoja Mzambia, mtu wa Solwezi, aliyekuwa akitunza mashine za ofisi ileile. Kazi ilikuwa imekwisha naye alikuwa anangoja mshahara wake wa mwisho, na mtu anayengoja mshahara wa mwisho ana muda mwingi. Alikuja na CD moja yenye Linux. Kompyuta, akasema, itawaka kutoka kwenye CD bila diski yoyote. Lakini CD haiandikwi, kwa hiyo kila mtakachoandika kitakaa kwenye flashi. Mashine italaza flashi juu ya CD, tabaka juu ya tabaka, na ninyi mtaona kitu kimoja tu.

"Umefahamu?" akaniuliza.

Nilifahamu mara moja, wala si kwa akili nyingi. Baba yangu alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani za mgodi, zamani mgodi ulipokuwa bado unawalipa wachoraji. Alikuwa akitandika mezani ramani ya shimo, kisha juu yake anatandika karatasi ya kalke, ile inayopitisha mwanga, yenye mabomba ya maji. Juu ya hiyo kalke nyingine, yenye nyaya za umeme. Ukisimama juu yake unaona mchoro mmoja. Ukimgusia ramani ya chini kwa penseli unapata kofi. Nilipata mawili, sikuhitaji la tatu.

Fundi akanifundisha jambo jingine. Kila fungu la kazi likimalizika, unalifunga tabaka lile, halifunguki tena kuandikwa, na unaanza jipya tupu juu yake. Maelekezo yote aliniandikia katika daftari la kurasa thelathini na mbili. Alianza kwa mwandiko mzuri wa shule, lakini mshahara wake ulipotoka alikuwa amefika ukurasa wa kumi na tisa, na kuanzia hapo mwandiko unakimbia kama mtu anayewahi mpaka wa Zambia kabla haujafungwa.

Mwaka ule wa masomo uliendelea hivyo. Mji ulikuwa unaanguka polepole na kwa adabu. Magunia ya mawe ya shaba yalikaa uani bila mnunuzi, watoto wakayapanda kama vilima. Halafu kampuni iliyopewa eneo la karieri, lile shimo la wazi la kuchimbia shaba, ikazungusha uzio na kuleta walinzi, wachimbaji wakaambiwa watoke, na nyumba zilizokuwa ukingoni mwa uzio zikaangushwa. Kila juma watu walifunga mizigo. Kila juma mtu alikuja sekretariati yangu kuomba karatasi, maana huko waendako hakuna atakayewajua kwa uso.

Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi tupu, saa tatu asubuhi, alipoingia mama mmoja muuza makayabu pamoja na binti yake.

Mama yule nilimfahamu vizuri. Nilikuwa nimeshindana naye bei ya samaki wake wa chumvi kwa miaka sita na sikuwahi kushinda hata siku moja. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akaolewa hapa na mtu mwenye asili kama yake, na Kasai alikuwa akiisikia tu kama sisi tunavyosikia bahari. Mume wake alikuwa mmoja wa wachimbaji waliofukuzwa karieri. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa uzio.

"Tata, treni iko stesheni," akasema kabla ya kuketi. "Inapakia tangu jana. Wanasema inaondoka saa nane. Bwana wangu eko juu ya bitu vyetu, analinda. Mi nataka karatasi moja tu."

"Karatasi gani, mama?"

"Buletini ya mutoto, ya pointi zake za mwaka. Ile mliyotupatia ilibakia mu nyumba. Na nyumba ilibakia chini."

Binti yake alikuwa amemaliza mwaka wa nne wa sekondari, kitengo cha biokemia. Alisimama nyuma ya mama yake, amebeba mtungi wa plastiki wenye vikombe ndani. Mama akaeleza mambo kwa ufupi kama anayetaja bei ya mwisho. Wanakwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa kaka yake mkubwa. Kaka amekubali kuwapokea wote, lakini juu ya binti amesema neno moja: akija na karatasi ya kupanda mwaka wa tano, atasoma. Akija bila karatasi, au akitakiwa kurudia mwaka wa nne, shule imekwisha, kuna meza ya sabuni sokoni inamngoja.

"Na kaka yangu," akasema, "hasemi kitu mara mbili."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika kumi. Tazama jinsi mtu anavyojiita mjinga kwa kinywa chake mwenyewe. Maseur akanipa chupa moja ya soda iliyojaa esansi, nikaimimina katika jenereta letu dogo lililofungwa kwa mnyororo nje ya dirisha, nikawasha. Kompyuta ikaamka kutoka kwenye CD yake, ikala flashi yake, nikafungua kabrasha la mwaka wa nne, nikatafuta jina, nikalipata, nikachapisha.

"Hii hapa, mama."

Mama akampa binti asome. Binti akasoma, akasoma tena, halafu akaiweka mezani kwa vidole viwili.

"Haiko yangu."

"Ni ngapi?" mama akauliza.

"Arobaini na tatu kwa mia. Wameandika nirudie."

Mama akanitazama kama alivyokuwa akinitazama ninapotaja bei yangu ya kwanza juu ya samaki.

"Tata. Arobaini na tatu ya nani?"

"Ya mutoto wako, mama. Mashine haina ndugu wala shemeji, haipendelei mtu."

"Mutoto wangu alipata sabini na moja. Siku ile nilichinja kuku. Weye unanijua. Mi naweza kuchinja kuku juu ya arobaini na tatu?"

Hoja ya kuku ilikuwa nzito. Kwa miaka sita sikuwahi kumwona akiongeza hata mkia wa samaki bila sababu.

Nikasema tutazame daftari la pointi la mwalimu wa darasa. Halafu nikakumbuka kwamba mwalimu wa darasa alikuwa amekwenda Dilolo kutafuta njia ya kuvuka Angola, na daftari limo katika mzigo wake, sijui alitaka kulifanyia nini huko. Orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani ilikuwa imebanduliwa zamani. Nadhani ilikuwa sokoni inafunga karanga. Kwa hiyo ushahidi wote uliobaki ulikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa imesema.

Mama akaichukua karatasi ile, akaifinyanga kuwa mpira, akaitupa pembeni.

Maseur alikuwa mezani kwake, anatia sahihi vyeti vya wengine. Bila kuinua kichwa akauliza, "Jina ni lake?"

"Ni lake, maseur. Yote matatu, mpaka la ubatizo."

"Na tarehe ya kuzaliwa?"

Binti ndiye aliyejibu. "Mi nilizaliwa mwezi wa tatu. Pale wameandika mwezi wa kumi. Na masomo yale yako ya biashara."

Mama akaketi, mara ya kwanza tangu aingie. Akapiga goti lake kwa kiganja.

"Eh! Huyo ni mutoto wa shemeji!"

Basi ikaelezwa. Mama wa mume wake alipofariki, kila mmoja wa watoto wake alimpa binti yake wa kwanza jina la marehemu. Nyanya hawezi kurudi nyumba moja tu na kuziruka nyingine, wenye nyumba wangesema nini? Na kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kanisa, wote walichukua na jina lake la ubatizo, wasimpunguze. "Tuko nao watano mu familia," mama akasema. Wawili walikuwa katika shule yetu, mwaka mmoja, mmoja biokemia, mwingine biashara.

Mimi mwenyewe nina wajukuu wa ndugu zangu watatu wanaobeba jina langu. Jambo hilo nalijua tangu kuzaliwa. Na bado, mafaili ya buletini nilikuwa nimeyapa kila moja jina la mwanafunzi, basi, bila tarehe, bila kitengo, kana kwamba naandikia watu wa nchi ambayo kila nyanya ana mjukuu mmoja.

Nikahesabu. Biokemia walikuwa arobaini na sita. Biashara thelathini na tisa. Jumla themanini na watano. Mafaili katika kabrasha: themanini na nne. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu, labda hesabu inapenda njia ile. Themanini na nne.

Hapo ndipo nilipoikumbuka siku yenyewe. Buletini za biokemia nilizimaliza kwanza, nikazichapisha, zikagawiwa, ndiyo maana kuku alichinjwa kwa haki. Juma lililofuata nikaandika za biashara. Kwenye jina mojawapo mashine iliniuliza: faili la jina hili lipo tayari, nilibadilishe? Nikafikiri ni lile nililolianza jana umeme ukakatika. Nikajibu ndiyo. Kwa ndiyo moja nilikuwa nimeandika alama za binamu juu ya alama za binamu.

Sikulisema hilo kwa sauti. Nilisema, "Mama, nipe nusu saa."

"Treni haina nusu saa."

"Treni ya hapa? Mama, tusidanganyane, sote tumezaliwa hapa."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Nikageukia mashine, mgongo umelowa.

Kwanza nilitazama kapu la takataka. Tupu. Nililimwaga mwenyewe, mimi ni mtu safi. Halafu nikakumbuka jambo lililonipa moyo: baada ya kumaliza biokemia nilikuwa nimefunga tabaka, kama fundi alivyonifundisha, nikafungua jipya kwa ajili ya biashara. Na tabaka lililofungwa haliandikwi. Kwa hiyo ile ndiyo yangu haikufuta kitu. Ilitandika tu karatasi nyingine juu. Sabini na moja ya binti huyu ilikuwa bado imelala chini, nzima, imefunikwa na arobaini na tatu ya binamu.

Ninyi mnaojua mambo haya mtasema: fungua tabaka la chini peke yake, usome. Ndivyo nilivyotaka. Lakini maelekezo yake yako ukurasa wa ishirini na mbili, kule mwandiko unakokimbia, na sikuweza kujua kama pale pameandikwa namba moja au herufi inayofanana nayo. Nikajaribu moja, mashine ikakataa. Nikajaribu herufi, ikakataa. Nikajaribu zote mbili, ikakataa kwa sentensi ndefu zaidi.

Ndipo nilipopata wazo ambalo lilikuwa baya sana ingawa lilikuja likiwa limevaa vizuri. Nikajiambia: ikiwa karatasi ya juu inafunika ya chini, iondoe ya juu. Nikalishika faili la binamu, nikalifuta.

Jina likatoweka. Nikangoja la chini lijitokeze. Halikujitokeza. Nikahesabu: themanini na tatu. Nikahesabu tena.

"Namna gani?" mama akauliza.

"Tunasonga mbele."

Tulikuwa tunasonga nyuma. Asubuhi nilikuwa na msichana mmoja asiye na buletini. Sasa nilikuwa nao wawili, na jenereta nje likaanza kukohoa.

Nikamwendea maseur. "Maseur, chupa moja tena."

"Nusu."

"Nusu haitoshi kuzima na kuwasha mara mbili."

"Basi washa mara moja vizuri."

"Maseur, chupa nzima, na kesho nakuja kuandika barua zako za dayosisi."

"Kesho unakuja kwa vyovyote, ni kazi yako." Lakini alisimama, akaenda kabatini, akaleta chupa ambayo ilikuwa imejaa robo tatu. Katika maisha yangu nimepata mapatano mabaya kuliko hayo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Imepotea?"

"Imefichwa."

"Kuna tofauti?"

"Maseur, ndiyo kitu ninachotaka kujua."

Nikaketi nikiitazama skrini bila kugusa kitu, na baba yangu akanijia, na mkono wake wenye wino. Njia ya shimoni ilipofungwa kwa hatari, na mkubwa akataka isionekane tena katika mchoro, baba hakuweza kuifuta kwenye ramani ya chini. Alikata kipande kidogo cha karatasi nyeupe, akakibandika kwenye kalke ya juu, mahali palepale. Kutoka juu njia ilikuwa haipo. Mkubwa akaridhika. Mimi nikamwuliza kama kweli imekwisha, akainua ncha ya kalke, nikaiona iko chini pale, na mistari yake yote.

Mashine ilikuwa imefanya hivyohivyo. Nilipoiamuru ifute jina, haikuweza kuligusa tabaka lililofungwa. Kwa hiyo ikabandika karatasi nyeupe juu, ili nisilione kabisa. Ilikuwa imenitii mno. Sasa kazi ilikuwa moja, kukitafuta kile kipande cheupe na kukibandua.

Lakini huwezi kukibandua huku mashine imeyalaza matabaka na kuyatazama kama kitu kimoja. Nikazima. Nikawasha kutoka kwenye CD peke yake, bila kuyatandika matabaka, jambo ambalo liko ukurasa wa saba, mwandiko mzuri. Ikachukua muda wake. Mama alisimama dirishani akisikiliza upande wa stesheni. Binti alikuwa amekwisha kuketi, vikombe vimetulia ndani ya mtungi.

"Tata," akasema binti ghafula, "kama haitoki, unaweza kuniandikia tu kwa mkono kwamba nilipata sabini na moja?"

"Naweza."

"Watakubali?"

Sikutaka kumdanganya. "Kwa mkono wangu? Hapana, mwanangu. Kule hawanijui. Na wanaonijua hapa wasingekubali pia."

Maseur akakohoa, nadhani alikuwa anacheka.

Nikaifungua flashi kwa mkono. Tabaka la juu likajitokeza peke yake, kama kalke iliyoinuliwa. Nikahesabu buletini zake: thelathini na nane. Sawasawa, thelathini na tisa kasoro ile niliyoifuta. Sikuona karatasi yoyote nyeupe. Nikahesabu mara ya pili, lakini safari hii nikaiambia mashine inionyeshe na vitu vilivyofichwa, vile ambavyo majina yake huanza na nukta. Thelathini na tisa.

Cha thelathini na tisa kilikuwa na nukta, herufi mbili ndogo nisizojua maana yake, nukta nyingine, halafu jina zima la marehemu nyanya. Ukubwa wake: sifuri. Kitu kisicho na kitu ndani yake, kilichosimama mlangoni na kusema hakuna mtu nyumbani.

Nikakifuta kile. Nikazima. Nikawasha tena, na matabaka yote. Jenereta likakohoa mara moja, mara mbili, likakaza moyo.

Themanini na nne.

Nikalifungua faili. Mwezi wa tatu. Biokemia. Sabini na moja kwa mia. Anapanda mwaka wa tano.

Sikupiga kelele, nina umri wangu. Niliigeuza skrini tu ili waone. Binti akaja karibu, akaisoma somo kwa somo kwa kidole, akafika kwenye kemia, akasema, "Ehee, nane kwa kumi, nilisema mi." Mama yeye hakusoma. Alinyoosha mkono, akaniambia, "Tata, toa kwa karatasi. Ile ya kwa kioo siwezi kupanda nayo treni."

Nikachapisha mbili. Maseur akatia sahihi, akapiga mhuri, akaupulizia. Mama akazikunja, moja akamfungia binti ndani ya nguo yake, nyingine akajifungia mwenyewe. Watu waliovunjiwa nyumba hawaweki kitu mahali pamoja.

Ikabaki kesi ya binamu. Alama zake hazikuwa tena mahali popote shuleni isipokuwa kwenye mpira wa karatasi uliokuwa chini ya benchi. Nikapiga magoti, nikautoa, nikaunyoosha juu ya meza kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Mama akauangalia.

"Kwa hiyo ya mutoto wa shemeji njo arobaini na tatu."

"Mama, hujaona kitu hapa. Ni siri ya kazi."

"Mi? Nimeona nini? Mi niko mutu wa treni." Lakini uso wake ulikuwa umeng'aa kama ameuza gunia zima la makayabu. "Mwaka jana shemeji alituambia nini, mbele ya batu? Eti wangu hana akili ya vitabu, nimwachie mu samaki. Haya. Bakia salama, tata. Maseur, aksanti sana."

"Nenda na Mungu, mama. Na usiseme."

"Sisemi!"

Waliondoka karibu wanakimbia, vikombe vinalia ndani ya mtungi. Nikaandika buletini ya binamu upya kutoka kwenye ile karatasi yenye makunyanzi, na faili lake nikalipa jina, na kitengo, na tarehe ya kuzaliwa. Nikahesabu. Themanini na tano. Esansi ikaisha nikiwa kwenye mara ya pili, nikiwa nimefika sitini na mbili.

Treni, kwa habari, haikuondoka saa nane. Haikuondoka kesho yake pia. Iliondoka siku ya tatu alfajiri, na katika siku zile mbili mama alipata nafasi ya kutosha ya kutosema. Kesho yake mchana shemeji mwenyewe alifika sekretariati akiwa ameshika kiuno, akaniuliza ni tangu lini alama za mtoto wake zinasomwa juu ya mabehewa. Nilimkaribisha kiti. Alikataa kiti, akanieleza mimi ni mtu wa namna gani kwa muda ambao ungetosha kuwasha mashine mara tatu, na katika yote aliyosema sikuweza kukanusha zaidi ya nusu. Baada yake wakaja mama wengine kutoka stesheni, wanane, kila mmoja akitaka nakala kabla treni haijabadilisha nia. Maseur akatoa esansi bila kubishana.

Mwezi wa tisa simu ya shule ililia. Alikuwa mkuu wa shule moja ya Mwene-Ditu, mwenye sauti ya mtu anayepigiwa saluti kila asubuhi. Alisema mbele yake kuna msichana mwenye karatasi yenye mhuri wetu, na pembeni kuna mjomba wake, ambaye anaona karatasi hii imechapishwa vizuri mno kwa shule ya huko.

"Nyinyi huko kwenu kila kitu kimeanguka," akasema. "Mmepata wapi karatasi safi namna hii?"

"Mtawa wetu anaificha kabatini, bwana mkuu."

"Hebu tuelewane. Mimi naweza kumpokea mwaka wa nne, akanionyesha muhula mmoja, halafu tukaona. Mjomba amekubali."

Nilikuwa na hakika mjomba amekubali. Meza ya sabuni pia ilikuwa imekubali.

"Hapana, bwana mkuu."

"Basi wa tano kwa majaribio. Mwezi mmoja."

Mtu huyo alikuwa anashusha, na mimi kwa mazoea ya maisha yangu yote nilihisi ulimi unataka kutaja kitu cha katikati. Niliukaza.

"Alipata sabini na moja," nikasema. "Niliziona kwa macho yangu, somo kwa somo, na alama zake za mwaka mzima ninazo hapa, atakayetaka aje azisome. Mwaka wa tano, bwana mkuu. Hapa hakuna bei ya pili."

Nikasikia kwa mbali mwanamume akinung'unika, na mwanamke mmoja, ambaye sauti yake ningeitambua hata ndani ya karieri, akimjibu haraka kwa Kiluba. Halafu karatasi zikachakarishwa.

"Haya," akasema mkuu wa shule. "Kesho saa moja na nusu, mwaka wa tano. Aje na kalamu."